Hukumu Bila Kusikilizwa: Mashine za Mitandao na Kiswahili cha Mara

Januari 7, 2025, kampuni ya Meta, inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, ilikiri jambo ambalo watumiaji wake walikuwa wakililalamikia kwa miaka mingi. Mkuu wa masuala yake ya kimataifa, Joel Kaplan, aliandika kwamba mwezi uliotangulia kampuni ilikuwa ikifuta mamilioni ya machapisho kila siku, na kwamba katika kila hatua kumi zilizochukuliwa, moja au mbili huenda zilikuwa za makosa, yaani chapisho halikuvunja kanuni yoyote. Tuyachukue maneno hayo kama yalivyo. Ukifuta machapisho milioni moja kwa siku na kukosea moja katika kumi, umefuta machapisho laki moja yasiyo na hatia kabla jua halijazama. Na hicho ni kiwango cha jumla, kinachochanganya Kiingereza cha California na Kiswahili cha Musoma katika hesabu moja. Ninachotaka kukionyesha hapa ni kwamba makosa hayo hayagawanyiki sawa. Yanawaelemea zaidi wale ambao lugha yao mashine haikuisoma vya kutosha, na dawa yake ya kwanza ni haki ya kusikilizwa na mtu anayeijua lugha hiyo.

Kosa la aina ya kwanza ni jepesi kulieleza. Mashine imepewa orodha ya maneno machafu, nayo inayasaka popote yanapojitokeza bila kujali nani kayasema na kwa sababu gani. Januari 2021 Facebook ilifuta machapisho ya wakazi wa Plymouth, Uingereza, waliotaja Plymouth Hoe, uwanda maarufu unaotazama bahari katika mji wao, kwa sababu neno la pili la jina hilo linafanana na tusi wanalotukanwa wanawake kwa Kiingereza. Kampuni iliomba radhi. Miezi miwili baadaye ukurasa rasmi wa mji wa Bitche, mashariki mwa Ufaransa, ukafungwa kwa sababu ya jina la mji wenyewe, ukarudishwa Aprili. Wasomaji wa Bunda wasicheke mapema. Jina la wilaya yao, kwa Kireno cha Brazil kinachosemwa na watu zaidi ya milioni 200, ni neno la mtaani la matako. Mashine zinazosoma lugha nyingi kwa mpigo hazina ramani ya mkoa wetu wa Mara. Mji wa Ufaransa una meya ambaye waandishi wa habari wa Paris watampigia simu siku hiyohiyo; mwenye nyumba ya wageni karibu na stendi ya Bunda, ukurasa wake ukitoweka usiku, hana wa kumpigia.

Kosa la aina ya pili ni zito zaidi, kwa sababu mashine za leo haziishii kwenye orodha ya maneno. Zinasomeshwa maandishi kwa wingi usiohesabika, kisha zinakisia maana ya kila sentensi kwa kuilinganisha na zile zilizowahi kuziona. Mwaka 2019 watafiti wa Facebook walitangaza mfumo unaoitwa XLM-R, uliosomeshwa lugha 100 kwa pamoja, na baadaye kampuni ikaeleza kwamba inautumia kubaini maneno ya chuki. Watafiti hao walifanya jambo la kupongezwa: waliweka wazi kiasi cha maandishi ya kila lugha. Kiingereza kilipata gigabaiti 300.8. Kiswahili kilipata gigabaiti 1.6. Kwa kila ukurasa mmoja wa Kiswahili, mashine ilisoma kurasa karibu 190 za Kiingereza. Kijita, Kizanaki, Kikwaya, Kiikizu na Kikurya havimo kabisa. Na Kiswahili kinachopatikana kwa wingi kwenye intaneti ni cha habari, cha mahubiri na cha tafsiri. Si kile kinachosikika Mwigobero, Musoma, alfajiri dagaa wanaposhushwa mitumbwini. Juu ya hayo, lugha yetu hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. "Tumewaua", "mmetuua" na "ataniua" yana watenda na watendwa tofauti, na yote hutamkwa kila siku na watu ambao hawajawahi kumgusa mtu. Anayeambiwa "umeua" baada ya kuimba vizuri amesifiwa. Anayeambiwa "umenivunja mbavu" amechekesha.

Chukua mfano wa tangazo la kawaida kabisa la mfanyabiashara wa Musoma: "Unga mweupe safi, mzigo mpya umeingia leo, tunatuma Bunda na Butiama, njoo inbox upewe bei." Kwa mkazi yeyote wa kanda ya ziwa huo ni unga wa muhogo wa kusongea ugali, na hakuna la kujiuliza. Kwa mashine iliyojifunza kwamba katika lugha ya mitaani ya Dar es Salaam na Mombasa "unga" ni heroini, tangazo hilo lina kila dalili ya hatari: unga, mweupe, mzigo, kutuma, bei ya faraghani. Mwandishi angeweza kuongeza neno "muhogo", na wapo wanaoongeza, lakini mteja wa Nyasho haelezwi anachokijua tangu utotoni. Au chukua mpira. Biashara United ya Musoma, timu iliyoshika nafasi ya nne Ligi Kuu msimu wa 2020/21 na kuiwakilisha nchi Kombe la Shirikisho Afrika, huitwa na mashabiki Wanajeshi wa Mpakani. Shabiki akiandika "Wanajeshi wa Mpakani leo wanachinja mtu Karume", kila mwenyeji anajua kwamba ni Uwanja wa Karume, saa kumi jioni, dakika tisini na refa. Mashine inaona wanajeshi, mpaka, kuchinja na mahali pa tukio.

Utani ndio unaoitesa mashine kuliko vyote, na ndio unaopaswa kutuuma zaidi ukifutwa, kwa kuwa ni sehemu ya namna Watanzania walivyojifunza kuishi pamoja. R. E. Moreau aliandika kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1941, na wanazuoni wengi wamemfuata. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, kukunyang'anya kitu, hata kumkejeli marehemu msibani ili wafiwa wapumue. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi kwa msingi huohuo, na katika wiki ya mechi yao nusu ya nchi huiita nusu nyingine vyura au mikia bila mtu kulala na chuki. Mkurya hutaniwa popote nchini kwa ukali wake na panga lake, naye hamwachii mtani wake. Jina la kabila, silaha na kejeli vikikutana katika mstari mmoja, mashine inapiga muhuri wa chuki. Kinachotofautisha utani na uchochezi hakimo kwenye maneno. Kimo katika uhusiano wa wasemaji, katika nani ana ruhusa ya kumwambia nani, na hilo halionekani kwa kuhesabu maneno.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitazami: Kiswahili hakina sumu ileile kila mahali. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ambamo watu zaidi ya 1,100 waliuawa, neno "madoadoa" lilitumika Bonde la Ufa kuwataja majirani wa makabila mengine waliotakiwa waondoke. Tume ya Kenya ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, katika orodha yake ya mwaka 2022 ya maneno ya chuki, ililiweka humo pamoja na "kwekwe". Ilikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Sasa vuka mpaka wa Sirari, teremka hadi Butiama, ambako batobato na magonjwa mengine ya muhogo yamewatia wakulima hasara. Bwana shamba anaandika kwenye kundi la wakulima: "Mmea wowote wenye madoadoa ng'oa, choma moto, usibakize hata mmoja." Huo ni ushauri sahihi wa kilimo, unaotolewa hivyohivyo katika vijitabu. Mtu aliyepitia Eldoret ya 2008 akiusoma bila kuona shamba, mwili utamsisimka. Wakurya wanaishi pande zote mbili za mpaka huo, na ukurasa mmoja wa Facebook unasomwa pande zote mbili. Anayeamua maana ya chapisho hilo lazima ajue limeandikwa upande upi, na kwa nani.

Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya uamuzi wa namna hiyo kwa Afrika Mashariki ilifanyika Nairobi, katika ofisi za kampuni ya Sama iliyopewa kandarasi na Meta. Jarida la TIME lilieleza Februari 2022 kwamba vijana wapatao 200 kutoka nchi mbalimbali za Afrika walifanya kazi hiyo ya uchujaji, wengine kwa malipo ya kama dola moja na nusu kwa saa, wakitarajiwa kutumia wastani wa sekunde 50 kwa kila chapisho. Mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alikwenda mahakamani mwaka huohuo. Januari 2023 Sama ilitangaza kuachana na kazi hiyo, na wafanyakazi wengine 184 wakafungua kesi. Siwalaumu vijana hao hata kidogo. Walitazama maiti na mateso mchana kutwa ili sisi tusiyaone. Lakini tuseme ukweli kuhusu mfumo: mashine iliyosoma Kiswahili kidogo inamkabidhi chapisho mtu mwenye sekunde 50, ambaye pengine hajawahi kusikia ugali wa muhogo wa Ukwaya wala utani wa Ukurya. Hata pale penye binadamu, muda wa kusikiliza haukuwekwa.

Madhara yanaonekana vizuri zaidi katika suala ambalo Mara inalijua kwa uchungu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta kwamba asilimia 32 ya wanawake wa mkoa huu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Shirika la Hope for Girls and Women Tanzania, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, lina nyumba salama Mugumu na Butiama, ambako wasichana hukimbilia hasa wakati wa likizo ya Desemba, ambao ndio msimu wa kukata. Elimu dhidi ya ukeketaji haiwezi kutolewa kwa mafumbo. Lazima utaje kiungo kinachokatwa, damu, wembe, na umri wa mtoto. Weka maneno hayo pamoja na picha ya msichana, na umetengeneza kile hasa ambacho mashine imeagizwa ikifute mara moja. Hofu hiyo ina ushahidi. Oktoba 2020 Instagram ilifuta chapisho la mwanamke wa Brazil lililoonyesha dalili za saratani ya matiti katika mwezi wa kampeni ya ugonjwa huo. Mashine iliona chuchu, ikashindwa kusoma maneno "saratani ya matiti" yaliyoandikwa kwa Kireno juu ya picha. Bodi ya Usimamizi ya Meta iliamua Januari 2021 kwamba ufutaji ule ulikuwa kosa, na ikasema kwamba kukosekana kwa binadamu wa kusahihisha mashine kunagusa haki za binadamu. Kireno kina maandishi mengi kuliko Kiswahili kwa mbali, na bado kilishindwa kusomwa. Kwa binti wa Butiama madhara ni makubwa zaidi: tangazo la namba ya kupiga likifutwa Desemba 5 na kurudishwa Januari 5, limerudishwa baada ya wembe kupita.

Wapo watakaosema bora mashine kali kuliko mashine legevu, na hoja yao haipaswi kupuuzwa. Mkoa huu umeona mapigano ya koo kule Tarime. Ethiopia, Profesa Meareg Amare aliuawa nje ya nyumba yake Novemba 2021 baada ya machapisho ya Facebook kumtaja na kumchafua. Mwanawe, Abrham, alifungua kesi Nairobi mwaka 2022. Maneno huua. Kama kufuta utani mia ndiyo bei ya kuzuia chapisho moja kama lile, wengi tungekubali kulipa. Shida ni kwamba tunalipa na bidhaa hatupewi. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Kenya, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu Facebook kwa kuipelekea matangazo 20 ya chuki na uchochezi wa kikabila, kumi kwa Kiingereza na kumi kwa Kiswahili, wakikusudia kuyaondoa kabla hayajaonekana na umma. Ya Kiswahili yalipitishwa yote. Ya Kiingereza yalikataliwa kwanza kwa sababu ya sarufi na lugha chafu. Yaliporekebishwa kidogo, nayo yakapita. Mashine ileile iliyofuta jina la Plymouth Hoe iliruhusu wito wa kuua kwa Kiswahili fasaha. Ukali na ulegevu si ncha mbili za mizani ambazo tunaweza kuchagua kati yake. Kwa lugha isiyosomwa vizuri, vyote viwili hutokea kwa pamoja, kwa kuwa chanzo chake ni kimoja: kutoelewa. Anayetaka wachochezi wakamatwe na anayetaka watani waachwe wanadai kitu kilekile.

Hoja ya pili ni ya wingi. Machapisho ni mabilioni, husema wenye mitandao, na hakuna jeshi la binadamu linaloweza kuyasoma. Ni kweli, lakini si hilo linalodaiwa. Mwaka 2020, korona ilipowarudisha wachujaji nyumbani, YouTube iliiachia mashine kazi kubwa kuliko kawaida. Kati ya Aprili na Juni ilifuta video milioni 11.4, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa. Video zilizokatiwa rufaa zilikuwa kama laki tatu na elfu ishirini na tano, chini ya asilimia 3 ya zilizofutwa, na takriban nusu yake zilirudishwa. Kampuni ikawarejesha binadamu kazini. Takwimu hizo zinasema mambo mawili. Kwanza, rufaa ni chache kiasi kwamba kampuni zenye faida ya mabilioni ya dola zinaweza kuajiri wa kuzisoma. Pili, mashine ikiachwa peke yake, karibu kila rufaa ya pili ina haki. Mashine ichuje mlangoni kama ni lazima. Rufaa ya Kiswahili isomwe na mtu wa Kiswahili, na ile ya Tanzania isomwe na anayeijua Tanzania. Inawezekana kufanya hivyo, na JamiiForums ya Dar es Salaam imesimamia mijadala mikali ya Kiswahili tangu 2006 kwa kutumia watu wa hapahapa.

Wengine husema hii ni mitandao ya watu binafsi, asiyeridhika aondoke. Aende wapi? Kwa muuza sangara wa Musoma ukurasa ndio duka, na duka halifungwi bila notisi. Tena sheria haiko kimya. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na kukata rufaa pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine kinachohusika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamruhusu mtu kudai kwamba uamuzi unaomwathiri kwa kiasi kikubwa usifanywe na mashine peke yake. Makampuni yataegemea misamaha iliyomo, hasa ule wa mkataba, na yatasema makao yao hayako hapa. Kwa hilo la pili, mahakama za Kenya zimetangulia: Septemba 2024 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo katika kesi za wachujaji, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema vivyo hivyo katika kesi ya Abrham Meareg. Ulaya wamekwenda mbali zaidi. Sheria yao ya huduma za kidijitali inazitaka kampuni zimweleze mtumiaji sababu ya kumfutia, na inakataza malalamiko yake yaamuliwe na mashine tu. Malta, nchi ya watu wasiozidi laki sita, inalindwa na sheria hiyo. Kiswahili, ambacho UNESCO imekitengea Julai 7 kuwa siku yake duniani, hakina kinga hiyo.

Sipendekezi serikali ndiyo ikae kwenye kiti cha mchujaji. Kanuni zetu za maudhui ya mtandaoni za 2020 zilipunguza muda wa kuondoa maudhui yaliyokatazwa kutoka saa 12 hadi saa mbili, na amri ya namna hiyo inazidi kuisukuma kampuni kwenye mikono ya mashine, kwa kuwa ndani ya saa mbili hakuna anayesikiliza mtu. Kinachohitajika ni chombo huru kinachouliza maswali na kutangaza majibu. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ina nguvu ya kuuliza: kampuni fulani ina wasomaji wangapi wa Kiswahili, wangapi kati yao ni Watanzania, rufaa ngapi za Kiswahili zilisomwa na binadamu mwaka jana, na ngapi zilirudishwa. Wabunge wa Musoma, Bunda na Butiama wanaweza kuomba majibu hayo yafikishwe Dodoma. Nawe msomaji, ukifutiwa chapisho lisilo na kosa, usinung'unike na kufungua akaunti nyingine. Piga picha ya skrini yenye tarehe, kata rufaa siku hiyohiyo, na kama jibu limekuja baada ya sekunde chache au halikuja kabisa, peleka malalamiko kwa Tume kwa maandishi, ukidai uamuzi huo upitiwe na mtu anayejua Kiswahili.